Hotuba ya Kufungua Mashine ya Hewa katika Shimo la Lusangi

Bwana Mkubwa wa Teritwari, mtawala wa eneo letu, ambaye udhuru wake umefika badala yake. Waheshimiwa machifu na wasaidizi wa machifu. Mapadri na mashehe. Makapita, wanyapara wa zamu zote, pamoja na mabibi zao. Nanyi wachimbaji, mlioketi chini kwa heshima yangu: nawasalimu.

Mimi, Jean-Baptiste, Msimamizi wa Muda wa Hewa za Chini ya Ardhi, nimetumwa na Serikali kuiondoa hewa inayozima taa humu shimoni, hewa ileile iliyomwangusha mchimbaji mwenzenu Faradji juzi akatolewa kwa kamba, ili kesho Bulaimu na wenzake washuke wakiimba. (Makofi ya makapita. Waridi, mke wa Bulaimu: “Hiyo mashini iko ama haiko, bwana?”) Iko, mama, chini ya turubai hili!

Komisiyo yangu, baada ya vikao vingi na chai nyingi zaidi, imethibitisha kwamba hewa hiyo ni dioksidi ya kaboni. Kaboni moja huketi katikati kama chifu. Oksijeni mbili huketi kulia na kushoto, na kila moja imeshikwa kwa vifungo viwili. Vifungo vya upande huu na vya upande ule husukumana kama wake wenza, kwa hiyo hukaa mbali iwezekanavyo, na molekuli hunyooka kabisa, digrii mia moja na themanini. Molekuli ya maji imepinda, hii haikupinda! (Kapita mmoja anapiga vigelegele peke yake.) Basi gesi iliyonyooka namna hii ni raia mwenye nidhamu, nayo itapanda katika bomba lililonyooka kwa asilimia tisini na nane, na asilimia mbili zitakazokaidi zitatozwa faini. Bulaimu, shusha taa, wote waone kwamba mashine yangu imekwisha kufanya kazi!

(Taa inashuka kwa kamba. Inazimika. Waridi anavuta turubai: vinu vitatu vimelazwa mstari mmoja, na cha katikati kimeunganishwa na wenzake kwa michi miwili kila upande. “Kumbe kinu changu!”)

Huo, mama, ni mfano wa gesi yenyewe! (Assumani, mchimbaji: “Gesi tuko nayo humo shimoni, bwana! Tunataka ya kuitoa!” Kicheko. Wachimbaji: “Basi tangulia wewe, bwana! Kamba hii hapa!” Kamba inapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele.)

Ndugu wananchi, nimeitazama kamba. Kwa mamlaka niliyopewa, na baada ya uchunguzi wa kina nilioufanya sasa hivi, nalifunga shimo hili mpaka mashine itakapofika, nayo haijaagizwa bado. Bulaimu, kesho nenda shambani. (Vigelegele vya kweli.)

Hewa iliyonyooka! Kazi iliyonyooka! Nawashukuru kwa kuipokea mashine kwa shangwe kubwa. Na wewe, Mama Waridi, nakuomba uniachie kinu chako mpaka Jumamosi: nakwenda Salamabila kufungua mashine ya pili.