Habari za Bi Pindo, Mpiga Pindo Asiyepinda, na Kutobolewa kwa Kitovu Chake

Zimeni redio, enyi wakubwa kwa wadogo. Teremsheni sufuria mekoni, na mwenye mtoto mliaji ambembeleze sasa hivi, kwa maana sitarudia neno. Nasimulia vita. Si vita vya mfalme na mfalme wakigombea ng'ambo ya mto, bali vita vikali kuliko hivyo, vilivyopiganwa juu ya nchi yenye upana wa sarafu, nchi iliyo katikati ya mwili wa mwanamke mmoja, chini ya mbavu na juu kidogo ya mkanda wa sketi. Damu ilimwagika humo. Ilikuwa tone moja, nami nitalieleza zamu yake ikifika.

Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa kuwa hakuna suruali ndefu iliyopita mbele yake ikabaki ndefu. Huyu ndiye mpiga pindo asiyepinda, mfungua zipu zilizokata tamaa, aliyewahi kupanua gauni la bibi harusi dakika arobaini kabla ya ndoa, na bibi harusi mwenyewe akiwa ndani yake. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mume mmoja mwalimu wa hesabu, na watoto wawili, ambao wa mwisho wao alikuwa amehamia bweni la chuo juma lile lile. Basi asubuhi moja, nyumba ikiwa kimya hata bomba likidondoka linasikika, alisimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, akainua blauzi, akakitazama kitovu chake kama jemadari anavyoitazama ngome aliyoikosa ujanani.

Maana kweli aliikosa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliomba kutoboa kitovu, mama yake akasema, "Subiri uolewe." Alipoolewa akaambiwa asubiri azae. Alipozaa akaambiwa, na tumbo lenyewe hili, la nini tena? Ndivyo kitovu kile kilivyokaa miaka ishirini na mitatu kikingoja ruhusa, kama barua iliyosahauliwa mezani kwa ofisa aliyekwenda likizo.

"Leo," akanena Bi Pindo mbele ya cherehani zake mbili na pasi, "mimi niliyetoboa vitambaa maelfu kwa maelfu, nami nitatobolewa! Nimewavisha watu mtaa mzima, wanene kwa wembamba, wenye shukrani na wasio nayo. Sasa nataka kujivisha mimi, mahali pamoja tu, tena padogo!"

Cherehani zilinyamaza. Pasi ikatoa mvuke.

Shambulio la kwanza lilielekezwa saluni ya jirani, kwa Msusi, shoga yake wa miaka mingi, mwanamke mwenye moyo mkubwa na subira ndogo. Msusi alipoisikia habari hiyo alipiga kigelegele, akafungua droo, na kutoka kati ya vibanio na vitana akaitoa mashine ya kutobolea masikio, ya plastiki, yenye mlio kama wa kufunga sanduku.

"Shoga yangu!" akatangaza. "Uende wapi na mimi nipo? Masikio yote unayoyaona mtaani yamepita hapa. Sikio nyama, kitovu nyama, tofauti iko wapi? Lala kwenye kiti cha kuoshea nywele, hesabu mpaka tatu, kwisha habari!"

Bi Pindo aliichukua silaha ile, akaigeuza mkononi kwa jicho la fundi. Ndani yake palikuwa na unywele mmoja, tena si wake.

"Hii unaisafishaje?"

"Naipangusa na spiriti."

"Na hii haichomi kwa ncha, shoga. Inasukuma kwa kishindo. Mimi nikisukuma sindano butu kwenye kitambaa kizito, kinachanika. Na kipini chake kifupi hivi! Nyama ikivimba kitazama ndani kama kifungo cha godoro."

"Umeanza maringo," akasema Msusi, akaifunga droo kwa kishindo.

Hivyo shujaa wetu akarudi nyuma kwa heshima, lakini nyuma yake aliacha rafiki aliyenuna, na rafiki aliyenuna mwenye simu mkononi ni hatari kuliko jeshi la farasi.

Juu ya duka la matairi, ghorofa ya pili, alikaa Mtoboaji. Alikuwa mtu mfupi wa miwani, mwenye sauti ya hakimu na kucha fupi kuliko za mpishi. Chumba chake kilikuwa cheupe: kitanda chembamba chenye karatasi mpya, mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, na ukutani kisanduku cha manjano cha kutupia sindano zilizotumika. Bi Pindo aliingia, akajitambulisha kuwa fundi. Mtoboaji naye akasema ni fundi. Wakapeana mikono kama wafalme wa nchi mbili zinazopakana.

"Umekula?" akauliza Mtoboaji.

"Tangu jana sijatia kitu kinywani. Nimefunga kama mtu wa operesheni."

"Nenda ukale. Mwenye njaa anazimia, na mimi sidaki watu."

Enyi mnaosikiliza, muone aibu ile! Shujaa akashuka ngazi alizozipanda kwa mikogo, akala mayai mawili, mkate na chai ya sukari nyingi katikati ya harufu ya matairi, akapanda tena. Hapo ndipo mahojiano yalipoanza. Je, ana kisukari? Anameza dawa za kuyeyusha damu? Ana mimba? ("Mimba!" akasema Bi Pindo, akajishika kifua.) Makovu yake huvimba na kuwa makubwa? Hereni za madini ya ovyo humwasha?

"Huniwasha mpaka shingoni."

"Basi wewe ni titani tupu, madini yasiyowasha. Usije ukashawishiwa na kinachong'aa."

Kisha akamwambia ainue blauzi, asimame, akae, ainame. Akakikagua kitovu kwa taa, akabonyeza ngozi ya juu yake kwa kidole.

"Si kila kitovu hutobolewa," akasema Mtoboaji hatimaye. "Lazima kuwe na ukingo wa ngozi hapa juu, wa kushika kipini. Bila ukingo, mwili unakisukuma nje. Juzi nilimrudisha binti mmoja, akalia pale kwenye ngazi."

"Na mimi?"

"Wewe unao. Mzuri tu."

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amsifie Bi Pindo sehemu yoyote ya tumbo lake. Akageuka ukutani kidogo, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono.

"Ila sikiliza," akaendelea Mtoboaji. "Hii inapona kwa miezi sita, pengine mwaka. Kila ukiinama unaikunja."

"Mimi nashona! Nainama kutwa!"

"Ndiyo maana nakwambia kabla. Na hiyo sketi yenye mkanda wa kubana, iage."

Sketi hiyo aliishona mwenyewe. Bi Pindo aliutazama ule mkanda, mnyoofu kama sheria, akasema, "Naiaga." Akalala kitandani.

Hapo hapo ngazi zikalia. Mlangoni akatokea mama yake, mwanamke wa miaka sitini na minane, mkoba kwapani, pumzi juu juu, kwani Msusi alikuwa ameshapiga simu.

"Simamisha!" akapaza sauti. "Wewe mtoto, kitovu hicho si chako peke yako! Miezi tisa umekula kupitia hapo, na mpishi nilikuwa mimi. Leo unampa mwanamume wa juu ya matairi akitoboe? Watu watasema nini? Na mumeo je?"

"Mume wangu amesema 'sawa', akaendelea kusahihisha madaftari," akajibu Bi Pindo akiwa chali, blauzi imekunjwa, na kamwe hotuba haijatolewa kutoka mkao mgumu kuliko huo. "Mama, chakula chako nakishukuru. Lakini kitovu kilipofungwa, tukawa watu wawili, wewe na mimi. Nilisubiri niolewe. Nilisubiri nizae. Nimewasubiri watoto wakue. Nikisubiri tena, mama, atakayenivua blauzi ni muosha maiti. Si kwa ubishi. Nakitaka tu."

Mama alisimama. Aliufungua mkoba, akaufunga. Halafu akaufungua tena, akatoa miwani yake ya kusomea, akamgeukia Mtoboaji.

"Sindano iko wapi?"

"Hii hapa, mama. Bado imefungwa."

"Lete nione tarehe."

Akaisoma pakiti yote, mbele na nyuma, midomo ikicheza. Akaamuru Mtoboaji anawe tena, avae glavu mpya mbele ya macho yake. Kisha akavuta kiti, akaushika mkono wa mwanawe. "Haya," akasema. "Toboa."

"Vuta pumzi," akasema Mtoboaji. "Toa polepole."

Sekunde nne. Likatoka lile tone moja la damu, dogo kama kichwa cha pini, likafutwa. Bi Pindo hakulia kwa ajili ya kitovu. Alilia kwa sababu ya mkono, kwani mama aliubana hata pete ikaacha alama iliyokaa siku tatu.

Msidhani vita viliishia hapo. Mzingiro ndio kwanza ulianza. Amri za Mtoboaji zilikuwa chache: maji safi ya chumvi kidogo, mara mbili kwa siku, mikono iliyooshwa, usikizungushe kipini, usilalie tumbo, usiogelee. Lakini mtaa nao ulikuwa na amri zake. Huyu alileta mafuta, yule poda, na Msusi, akiwa amekwisha kununa, kwa kuona haya, alileta chupa nzima ya spiriti. Bi Pindo alizipokea zote kwa shukrani, akazipanga kwenye kabati, asizifungue.

Alishindwa mara moja tu. Juma la sita, akienda kusimamia mavazi ya harusi, aliivaa ile sketi. Kesho yake kitovu kilikuwa chekundu, cha moto, kinatoa usaha.

"Nakitoa!" akamwambia mama yake, vidole vimekwisha kukishika kipini.

"Thubutu! Yule mtoboaji alisema ukikitoa tundu linajifunga na uchafu ndani. Mimi nilikuwa nasikiliza, wewe ulikuwa unalia. Twende zahanati."

Wakaenda. Muuguzi akatoa dawa, hakucheka. Tangu siku hiyo mama alikuja kila asubuhi na maji ya chumvi ndani ya chupa iliyochemshwa, akasimamia usafishaji kama ofisa wa forodha, na wakati kitambaa kikilowa juu ya kitovu walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza: utasa aliosingiziwa mama miaka minne kabla ya kupata mtoto huyu, woga wake, usiku aliojifungua.

Mwezi wa kumi tangu kutobolewa, Mtoboaji alikitazama kitovu, akakitoa kipini kirefu, akatia kifupi chenye jiwe jeupe, akasema, "Kimepona." Bi Pindo alirudi kwenye cherehani zake, mama alikomngoja, akainua blauzi. Mama akavaa miwani, akainama, akakagua muda mrefu.

"Jiwe la bluu lingependeza zaidi," akasema.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msikosee saa: ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, mteja mmoja akingoja suruali yake, mama mmoja aliposalimu amri kwa neno la rangi. Mwanawe akamkumbatia, kwa uangalifu, kutoka ubavuni.