Kibali cha Mama Dina

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Same kwamba ardhi isiyotumika ni marufuku kutumika, mpaka serikali ijiridhishe kwamba haitumiki.

Tangazo hilo, la mwaka 1947, nililiandika mimi, Melkizedeki, karani wa boma, nikalibandika mlangoni kwa uji wa muhogo. Lilihitajika sana, kwa sababu ya mwanamke mmoja aitwaye Eliwaza, mama yake Dina.

Mama Dina aliteremka kutoka Shighatini kumfuata mumewe, kibarua wa reli. Kwao milimani mboga hazikuwa shida. Same alikuta vumbi na upepo, na watoto wanne wakila ugali kwa chumvi. Nyuma ya boma akaona kiwanja cha miiba, na bomba likimwaga hapo maji ya kuogea ya Bwana Shauri, asubuhi na jioni, yakipotelea mchangani bure. Akafyeka miiba, akachimba kifereji, akapanda mnavu, mchicha na kabichi. Hakumwuliza mtu. Hilo ndilo lililotuuma.

Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya yetu, alinituma nikamweleze taratibu.

"Karibu, mwanangu," Mama Dina alisema bila kuacha kupalilia. "Umefuata mnavu?"

"Nimefuata sheria, mama."

"Hiyo sijapanda."

Nilimweleza kwa upole. Alipaswa kujaza fomu ya kuomba ardhi isiyotumika. Kisha Bwana angekuja kukagua kama kweli haitumiki. Kwa kuwa sasa ilikuwa na kabichi, ilikuwa inatumika, na haiwezi kuombwa.

"Kwa hiyo ning'oe," akasema, "ili nipate ruhusa ya kupanda."

"Umeelewa upesi sana, mama. Wengi huwachukua siku nzima."

"Na ukaguzi ni lini?"

"Miezi sita. Minane, mvua zikiharibu barabara."

"Watoto watakula nini?"

"Fomu haina nafasi ya swali hilo."

Aliinua kiganja chake chenye malengelenge, akakitazama, akaendelea kupalilia. Niliondoka na fungu la mnavu kama ushahidi. Mke wangu aliupika ushahidi ule kwa karanga, na nakiri ulikuwa mzito.

Bwana alimpa siku saba. Siku ya saba, mimi na Iddi tarishi tulikuwa tumeshabeba majembe kwenda kung'oa, simu ya maandishi ilipofika kutoka Tanga. Bwana Mkubwa wa Jimbo anakuja kesho kwa treni. Angependa kuiona Bustani ya Mfano ya Boma, ambayo ripoti tatu za mwaka zimeisifu sana.

Bwana Shauri aliisoma mara mbili. Uso ulimwiva.

"Karani, bustani yetu iko wapi?"

"Kwenye faili, Bwana."

Nilikuwa nazipiga taipu ripoti hizo mwenyewe. Kwenye faili ile bustani ilistawi kupita kiasi.

Bwana alitoka mbio, kofia mkononi, mimi nyuma yake. Tulimkuta Mama Dina amekaa chini katikati ya matuta, macho mekundu, akitungoja.

"Mama, using'oe kitu," Bwana alisema.

"Sikuwa na nia hiyo."

"Kesho atakuja mkubwa. Utamwambia bustani hii ni ya serikali."

"Mimi ni mtu wa kanisa. Sisemi uongo."

"Basi nyamaza tu."

Mama Dina alifikiri kidogo. "Nitanyamaza nikiwa na karatasi. Kiwanja na maji ya bomba."

Ukaguzi wa miezi sita ulichukua dakika kumi. Niliandika kibali kwa maneno ya kawaida ya ofisi: Eliwaza anaruhusiwa kulima ardhi hii, ambayo imethibitishwa kwamba haijawahi kutumika kwa shughuli yoyote. Bwana alitia saini bila kusoma, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kesho yake mgeni alifika, akazunguka matuta, akapapasa kabichi, akafurahi kabisa.

"Na huyu mama ni nani?" akauliza kwa Kiswahili kizuri.

Mama Dina alinyamaza kama alivyoahidi. Akafungua pindo la khanga, akampa karatasi.

Mgeni alisoma pole pole. Akatazama tarehe. Akamtazama Bwana Shauri.

"Haijawahi kutumika," akasema. "Hii umeithibitisha jana?"

Bwana Shauri alinitazama mimi. Mimi nilitazama kabichi.

Bwana Shauri hakufukuzwa. Mgeni alimsifu kuwa mtaalamu wa bustani, akamhamishia Makanya, penye jua kali na udongo mgumu, afungue nyingine kama hiyo kwa mikono yake, ikaguliwe kila mwezi. Bwana Shauri mpya alipewa amri ya maandishi ya kuoga mara mbili kwa siku.

Baada ya miezi miwili, yule wa Makanya alishuka kwenye treni, shingo imebabuka, akaja nyuma ya boma kuomba miche. Mama Dina hakumcheka. Alimsogezea kikapu, akamwambia achuchumae.

"Ukishapanda, bonyeza udongo hivi," akamwonyesha. Bwana akabonyeza kwa nguvu zote.

"Taratibu, bwana," Mama Dina alisema. "Hupigi mhuri."