Mluzi kwenye Chumba cha Kuvalia

Jumatatu, 9 Machi 1953
Ogilby kapewa tena sehemu ya kasisi kwenye filamu! Miaka yote hii mimi ni mtumishi wa kubeba trei: naingia, natangaza chai, naangusha vikombe, natoka. Yeye anajaza skrini nzima kwa pua ile. Safari hii nikiikosa, basi, nimekwisha. Lakini nina mpango. Sisi waigizaji hatupigi mluzi chumba cha kuvalia. Ukipiga, aliye karibu na mlango anapoteza kazi. Dawa ni moja: mkosaji atoke nje, ajizungushe mara tatu, abishe hodi hadi afunguliwe. Ogilby ana kifua, hukaa mlangoni apate hewa. Nimepiga mluzi. Laini kabisa! Winnie, anayetuvalisha, kanikemea nitoke upesi nisituletee balaa. Nikamwambia, mama, kwa magoti haya? Sizunguki ng'o.

Jumanne
Asubuhi Ogilby kateleza ngazini, kavunja mguu. Maskini. (Nimeandika maskini, inatosha.) Ukasisi wangu! Kanzu yake imenikaa sawasawa. Ila ilikuwa na joto, kana kwamba mtu kaivua sasa hivi. Na mchana kutwa kuna mtu anabisha hodi chumbani. Nikifungua, hamna mtu.

Jumatano
Tumetazama picha za filamu tulizopiga jana. Watu wamecheka hadi machozi. Bwana Strickland, mwongozaji, kanipiga bega: Tansley wewe, kumbe umo! Mimi nywele zilinisimama. Kasisi kwenye skrini alikuwa Ogilby. Pua yake, kikohozi chake. Mimi sipo hata ukucha! Nikawauliza kama hawamwoni. Wakaniuliza nimekunywa nini.
Nikampigia Ogilby simu hospitalini. Alisema kwa unyonge kwamba jana kutwa aliota amesimama kwenye taa kali, mguu haumuumi. Akauliza kama watu walicheka. Nikamwambia hapana.

Alhamisi
Winnie kaninong'oneza: nenda baba, zunguka, bisha, kabla hujakutwa na kubwa zaidi. Naogopa, sifichi. Nikatoka. Nikazunguka mara mbili. Ya tatu nikaiacha, maana ingemrudishia Ogilby kazi yake. Mimi si mjinga! Nikabisha. Winnie akauliza nani. Kabla sijafungua kinywa, sauti yangu ikamjibu kutoka humo humo ndani: usifungue, mama, sote tumo.

Ijumaa
Nimemsalimu mlinzi wa getini, hakuitikia. Mkahawani hakuna aliyeniletea chai. Nimepiga kelele, hakuna aliyegeuka. Nikajimiminia mwenyewe. Halafu nikaona faida yake! Nimeingia ofisini kwa Strickland bila kibali, nikasimama nyuma ya kiti chake kusikiliza wanavyogawa kazi za filamu ijayo. Wote kwa kauli moja: inspekta wa polisi, sehemu kubwa kuliko zote, apewe Tansley. Nilitaka kulia kwa furaha.
Tatizo ni huyo Tansley aliyeketi pale mbele yao, mguu juu ya mguu, akiwashukuru. Ana uso wangu na koti langu. Simpendi hata kidogo. Kesho naanza kumfanyia mpango.