Tumbo Langu na Maji ya Fanueli

Jumapili, 1 Julai 1973

Baridi. Ukungu hadi mlangoni. Tumbo salama, moyo si salama. Baada ya ibada kikundi cha redio kimekutana tena kwa jirani yangu Fanueli, kiongozi wetu wa masomo ya afya, na mke wangu Rahabu akakaa mstari wa mbele. Wa mbele! Kanisani hukaa nyuma. Somo: maji yachemshwe. Njia nzima ya kurudi ni Fanueli kasema hivi, Fanueli kasema vile. Nikamwambia aliyesema ni redio. Akajibu kwamba Fanueli alieleza vizuri kuliko redio.

Na Fanueli anamwita shemeji. Shemeji wa wapi? Tumepakana migomba tu.

Sabasaba wageni wa wilaya watakuja kukagua vyoo. Mwenye choo bora atakabidhiwa redio ya kikundi ikae kwake. Ikija kwangu, Rahabu atakaa mstari wa mbele nyumbani kwake mwenyewe. Nimeapa itakuja. Na maji ya kuchemsha sinywi. Rahabu anywe ya Fanueli, mimi nakunywa ya mto.

Jumatatu, 2 Julai

Choo changu ni kizuri kuliko cha Fanueli. Kuta nimezipaka chokaa. Mlango wa mbao. Kufuli jipya kutoka madukani Soni. Kasoro moja: hakina shimo. Nilichimba hadi magotini nikakuta mwamba. Fanueli naye alikuta mwamba, akauwashia moto siku tatu, akaumwagia maji, ukapasuka. Kujionyesha tu! Sisi tunaendelea kwenda nyuma ya migomba, na ufunguo ninao mimi. Balozi wa nyumba kumi alipopita nilimwambia kuna mtu ndani. Akaandika kwamba kipo.

Jumatano, 4 Julai

Balaa. Tangu alfajiri nimekwenda migombani mara saba. Mimi, mtu wa mara moja kwa siku, baada ya chai! Rahabu kasema ni maji. Si maji! Kati ya safari ya tano na ya sita nimetafakari mambo yanayoweza kugeuza tumbo la mtu ghafla. Maharage ya juzi hayakuiva. Maziwa ya mgando. Minyoo. Wasiwasi. Fanueli. Huyu wa mwisho ndiye namshuku zaidi, maana jana alinitazama nikila.

Nimejikokota hadi zahanati. Mganga Bakari akauliza kama nimebadili chakula, kama nimemeza dawa yoyote, kama nina damu chooni, kama kuna jambo linanisumbua moyoni. Kisha akauliza nakunywa maji gani. Nikasema ya kuchemsha. Ningesemaje? Wanakikundi wawili walikuwa kwenye benchi, masikio wazi. Basi Bakari akayaacha maji, akaandika wasiwasi. Akasema maji hayo niyanywe kwa wingi zaidi. Nimetii. Nimeshuka mtoni mara mbili.

Alhamisi, 5 Julai

Mara kumi na mbili. Rahabu alikuwa akichuma chai, na Fanueli akaja kunipa pole. Kaleta na malimau! Nani kamwomba? Akaomba maji ya kunywa. Akauliza kwa adabu zake zile kama yamechemshwa. Nikasema yamechemka vizuri sana. Akanywa vikombe viwili, akafurahi kwamba hatimaye nimelielewa somo. Akaniambia nina moyo mwema. Nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Ijumaa, 6 Julai

Wageni kesho, na siwezi kuwapokea huku nakimbia. Nimekula mapera mabichi kumi na moja. Yamefunga. Yamefunga kabisa! Jioni tumbo gumu kama ngoma, hata kufunga kamba za viatu siwezi. Rahabu kanishauri nisubiri. Nimekunywa mafuta ya mbarika ya kulainisha tumbo, vijiko vinne. Kimya. Nimeongeza vinne.

Jumamosi, 7 Julai, Sabasaba

Nitaandika kwa kifupi. Wageni wamefika kwangu saa nne. Wakasifu chokaa. Wakasifu kufuli. Wakaomba nifungue. Nikasema ufunguo umepotea. Hapo ndipo mbarika ilipoamka.

Choo changu kilikuwa hatua tatu. Nikakipita. Nikavuka migomba mbio, mbele ya wageni, mbele ya kikundi, mbele ya Rahabu, nikaingia cha Fanueli. Kina shimo refu. Kina kifuniko chenye mpini. Kinaudhi! Nimekaa humo nusu saa, nikimsikia mgeni nje akisema kwamba choo kinachokimbiliwa na jirani mwenye choo chake hakina haja ya kukaguliwa zaidi.

Redio imebaki kwa Fanueli. Alipoipokea alikuwa ameshika tumbo. Nadhani alikuwa akizuia kicheko.

Jumatatu, 9 Julai

Fanueli anaharisha! Mara tisa tangu usiku! Nikamkimbilia Rahabu kumwambia kwamba sasa ameona, kuchemsha maji hakusaidii kitu. Alikuwa akikoroga uji wa ulezi, wa maziwa. Nikanyoosha mkono. Akasema ni wa Fanueli.

Nimesimama mpakani kutazama. Kikundi kizima kiko kwake. Kuna mtu kaleta kuku. Bakari kamfuata nyumbani, mimi nilikaa benchi. Rahabu kamfunika blanketi, blanketi letu! Fanueli akamweleza kwa sauti ya kinyonge kwamba haelewi imekuwaje, kwani popote alipokwenda alikunywa ya kuchemsha tu, hata kwangu. Rahabu akageuka, akanitazama kwa muda mrefu. Nikajifanya nakagua migomba.

Wivu unaniuma kuliko tumbo lilivyoniuma. Mimi nilipougua niliambiwa ni maji, basi. Na leo tumbo langu? Shwari. Mara moja, baada ya chai. Nani atampikia uji mtu mwenye tumbo la namna hii?

Jumanne, 10 Julai

Nimekwenda mtoni mapema. Vikombe vitatu, pale chini wanaponyweshea ng'ombe. Nimerudi kitandani, nangoja. Nimemtuma Rahabu akadai blanketi letu.