Jeneza Linahaririwa

Siku dada yangu alipofariki, Shirika lilitangaza kwamba bei zimetulia.

Tangazo lilisema hivi: "Wananchi wote wanafahamishwa kwamba, kufuatia juhudi za makusudi za uongozi, bei za bidhaa zote zimefikia utulivu wa kudumu." Nililibandika mimi mwenyewe kwenye lango kuu, kwa sababu mimi ndiye tarishi. Gundi ilikuwa bado haijakauka vidoleni nilipokwenda chumba cha maiti kuandikisha jina la dada.

Tangazo halikuwa na uongo. Bei zilikuwa zimetulia kweli. Dada ndiye aliyekuwa akizibadilisha.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu amepata bahati ya kuona Shirika kwa ndani. Shirika letu huuza saruji, mabati, mbao, misumari, makabati na majeneza, na hakuna mwingine mjini mwenye kibali cha kuuza hata ubao mmoja. Bei zote hukaa ndani ya kompyuta, katika kitu kiitwacho mfumo. Mfumo una orodha mbili. Ya kwanza ni Orodha ya Umma. Ya pili ni Orodha ya Waheshimiwa, iliyotengwa kwa ajili ya watu ambao, kutokana na uzito wa majukumu yao, hawawezi kubebeshwa tena uzito wa bei. Bidhaa ya Mheshimiwa isipoandikiwa bei yake, mfumo huchukua ile ya Umma. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Dada alihakikisha, kwa kuwa aliamriwa kuhakikisha.

Bidhaa ikifunguliwa ili ibadilishwe bei, hujifunga. Kwenye skrini hutokea maneno "Inahaririwa na", kisha jina la anayehariri. Hadi amalize, haiuzwi.

Dada alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Nyumbani akiamua kupanga kabati, alitoa kila kitu kwanza: sahani sakafuni, vikombe kitandani, masufuria mlangoni ambako lazima mtu ajikwae. Kisha aliketi katikati ya vurugu hiyo akanywa chai taratibu, kama mgeni. Mama akilalamika, alijibu, "Mama, huwezi kupanga juu ya kilichopangwa." Chai ikiisha, ndipo alipoanza kupanga. Kazini alikuwa vilevile.

Asubuhi ile alipokea agizo kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu. Sisi wa ngazi ya chini tulimwita Bwana Kwa Hiyo, kwa kuwa huanza na "kwa hiyo" kabla hajasema lolote la kutangulia. Agizo lilikuwa fupi: vifaa vya ujenzi vya Waheshimiwa vishuke, majeneza yapande. Sababu zote mbili zilikuwa za kitaalamu. Mkurugenzi alikuwa anajenga nyumba, na kuta zilikuwa zimefika mahali pa kungoja paa. Na kuhusu majeneza, homa ilikuwa imeingia mjini, kwa hiyo soko lilikuwa limechangamka.

Dada alifungua Orodha ya Waheshimiwa, akafungua na jeneza katika ile ya Umma, akafanya kazi kidogo, akaagiza chai. Nilimpelekea. Niliporudi kuchukua kikombe, chai ilikuwa haijaguswa, na dada alikuwa amelaza kichwa mezani kama mtu aliyechoka. Moyo, walisema baadaye. Moyo haukuwa umeomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Kesho yake mimi na Mama tulikwenda kwenye dirisha la mauzo. Keshia wetu tunamwita Mama Chenji, kwa sababu hanayo. Aliposikia tulichotaka, alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Jeneza linahaririwa," akasema.

"Na nani?" nikauliza.

Aligeuza skrini. Jina la dada lilikuwapo, na pembeni yake kidoti cha kijani na maneno "Yupo kazini".

"Huyo ndiye marehemu," nikasema.

"Poleni sana, mwanangu. Mwambie atoke kidogo tu, niuze moja, kisha arudi."

Alikuwa amekwisha kusema ndipo akasikia alichosema. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, lakini hakuuza. Mfumo ulikuwa umekataa, naye ana watoto wanaosoma.

Mama hakubishana. Alikwenda kuketi kwenye benchi la wateja, shuka jeupe lililokunjwa likiwa mapajani, akasema atangoja.

Uongozi nao haukulala. Iliundwa Kamati ya Kushughulikia Kutokuwepo, nami nikapewa heshima ya kuingiza chai. Fundi wa kompyuta alieleza kwamba njia rahisi ni kuandika kwenye mfumo kwamba dada amefariki. Nafasi ingekuwa wazi, angeajiriwa mwingine, na kazi ingeendelea. Wajumbe walitazamana. Tatizo lilikuwa kwamba Waziri alikwisha kuandika barua ya pongezi. Alisema Sera ya Utulivu wa Bei ni ya kupigiwa mfano, na kwamba mashirika mengine yataletwa kujifunza. Ikiwa sasa Shirika litaandika kwamba dawati la bei halina mtu, Waziri ataelewa kwamba alipongeza maiti.

Baada ya majadiliano ya kina na maandazi, Kamati iliazimia kwamba mtumishi huyo amefariki kimwili, lakini kimfumo anaendelea na kazi. Mjumbe mmoja aliuliza kama atastahili likizo. Alijibiwa kwamba hajaomba.

Kuhusu jeneza, Katibu wa Kamati alikuja na ubunifu. Kabati la vyombo, alisema, ni mbao zilezile, misumari ileile, na halihaririwi na mtu. Familia iuziwe kabati. Kwenye risiti liandikwe kabati, na ile dhamana ya mwaka mzima familia inufaike nayo: mlango usipofunga vizuri, warudishe.

Nilitumwa kumweleza Mama. Nilimweleza yote kwa utaratibu, pamoja na dhamana. Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyebuni wazo hilo.

"Waambie mwanangu si sahani."

Niliporudi ndani nilisema kwamba familia haijaafiki uainishaji wa bidhaa. Hayo ndiyo maneno yanayoeleweka mle.

"Mama yako ana kiburi," Mkurugenzi akasema. "Kwa hiyo angoje."

Basi Mama akangoja. Kulipokucha alikuwa benchini, dirisha lilipofungwa alirudi nyumbani, na shuka halikutoka mapajani. Watu waliokuja kununua misumari walimpa pole kwanza, misumari baadaye. Majirani walipopata habari walikuja kuketi naye, wake kwa waume, na mabenchi yakajaa. Aliyekosa nafasi alisimama. Dirisha la mauzo likawa nyumba ya msiba. Watu walisimulia habari za dada: jinsi alivyokuwa akicheka kimyakimya mabega yakitikisika, jinsi alivyowahi kumwaga unga wote mezani ili asafishe kopo. Hata wateja wasiomjua walicheka.

Uongozi ulitoa waraka kuhusu matumizi ya mabenchi kinyume na kusudio. Niliubandika ukutani, juu ya kichwa cha Mama. Nikamwomba radhi, naye akasema nibandike tu, nisije nikafukuzwa kazi, maana nani atamzika dada. Mkurugenzi alianza kupitia mlango wa nyuma, ule wa taka.

Pengine tungekuwa tumekaa pale hadi leo, kama si paa.

Msimamizi wa ujenzi wa Mkurugenzi alifika na lori kuchukua mabati kwa bei ya Waheshimiwa. Mama Chenji alibonyeza, akatazama, akamwambia kwa adabu zote kwamba mabati yanahaririwa. Saruji nayo. Mbao za paa nazo. Orodha nzima ya Waheshimiwa ilikuwa imefunguliwa na dada, na dada, kama Kamati ilivyoazimia, alikuwa bado anafanya kazi.

Hapo ndipo msiba ulipomfika Mkurugenzi. Alikuja benchini kwa miguu yake mwenyewe, akamshika Mama mikono yote miwili, akasema kwamba usiku halali, na kwamba msiba huu si wa familia peke yake bali ni wa Shirika zima.

"Umechelewa, baba," Mama akasema, "lakini kaa."

Hakukaa. Alimwita fundi. Fundi alieleza kwamba kuna kitufe kimoja anachoweza kukitumia. Kitachapisha kila alichokuwa akikihariri dada, kama alivyokiacha. Ila hawezi kuchagua. Jeneza na Orodha ya Waheshimiwa vitatoka pamoja. Wala hawezi kuchungulia ndani, kwa kuwa rasimu huonekana na mwenyewe tu. Na kuandika bei hawezi kabisa. Hiyo ni kazi ya dawati la bei.

Mkurugenzi alifikiri. Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Dada yako alikuwa mchapakazi?"

"Sana, Mheshimiwa."

"Akipewa agizo asubuhi, alikuwa analiweka kiporo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Alikuwa anaanza papo hapo."

"Kwa hiyo alikuwa ameanza."

"Alikuwa ameanza, Mheshimiwa."

Yote hayo ni kweli, na niko tayari kuyarudia mbele ya kamati yoyote. Hakuniuliza alikuwa anaanzaje.

Ilifanyika hafla fupi. Mpiga picha aliitwa. Kompyuta ilifungwa utepe, na Mkurugenzi akaukata, akazungumzia mchango wa marehemu, kimwili, na ushirikiano anaoendelea kuutoa, kimfumo. Akasema Shirika haliwezi kumwacha mama mzazi benchini wakati suluhisho lipo. Kisha akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe, na sisi tukapiga makofi.

Dirishani, Mama Chenji alisema polepole, "Jeneza limetoka."

Akasogeza uso karibu na skrini. Bei ilikuwa sifuri. Dada alikuwa amefuta ile ya zamani na kwenda kunywa chai. Keshia alijaribu mara kadhaa, akijua kwamba sifuri si kitu cha kupokea kutoka kwa mteja, lakini mashine ilikuwa imeridhika. Ilitoa risiti: jeneza moja, sifuri, asante kwa kununua, karibu tena. Mama aliitazama risiti, akaikunja ndani ya shuka.

Wanaume walibeba jeneza mabegani kutoka ghalani moja kwa moja. Mama alilitandika shuka. Tulimzika dada alasiri ileile, na mabenchi yote yakaja makaburini.

Nilichokikosa nilihadithiwa na Mama Chenji. Tulipokuwa tukitoka kwa lango la mbele, lori la Mkurugenzi lilikuwa likiingia kwa la nyuma. Msimamizi aliagiza mabati, akatajiwa bei, akadhani hajasikia vizuri. Akatajiwa tena. Akapiga simu. Mkurugenzi akashuka mwenyewe hadi dirishani, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Dirisha lile lilijengwa chini kidogo ili mwananchi ainame anapozungumza na Shirika. Mkurugenzi ni mrefu. Aliinama sana.

"Hii ni bei gani?"

"Ya Umma, Mheshimiwa. Yako imefutwa yote, kwa hiyo mfumo umechukua hii."

"Wewe unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri. Mfumo ndio haukujui."

"Basi irekebishwe. Sasa hivi. Kwenye dawati la bei yuko nani?"

Mama Chenji aligeuza skrini. Jina la dada lilikuwa pale pale, na kidoti chake cha kijani.

Tangu hapo Kamati imekaa mara nyingi. Haiwezi kuajiri mhariri mwingine wa bei, kwa kuwa nafasi ina mtu. Haiwezi kumwachisha kazi, kwa kuwa hana kosa. Faili lake ni safi kuliko la mjumbe yeyote. Inaweza kuandika kwamba amefariki, lakini sharti kwanza imweleze Waziri kwamba ile sera aliyoipongeza ilikuwa ni kifo cha dada. Barua ya kumweleza imekwisha kuandikwa, kwa Kiswahili kizuri. Imebaki kutiwa saini, na kila nikiipeleka kwa mjumbe namkuta ametoka.

Kuhusu majeneza ya bure, Mkurugenzi amekubali sifa. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba Shirika linawajali wananchi, hasa wakishafariki. Kuhusu Orodha ya Umma, anasema bei zake hazivumiliki, na haelewi mtu wa kawaida anaishi vipi. Ameunda kamati ya kuchunguza ni nani aliyezipandisha kiasi hicho. Maagizo yote yako kwenye faili, na yote yana saini yake. Mimi ndiye ninayelibeba faili hilo, na bado hajaniomba.

Mvua zimeanza. Nyumba yake ina kuta nzuri sana.

Dada bado yumo kwenye orodha ya watumishi wanaostahili chai. Kila asubuhi nampelekea kikombe dawatini. Kikipoa, nakinywa mimi.