Mahali Sikupataja

Jumanne, 8 Oktoba

Jino limezibwa. Heshima imetobolewa. Mirta Echegaray, daktari wa meno pekee hapa Colonia Molles na katibu wa klabu yetu ya watazama ndege, alingoja vidole vyake viwe kinywani mwangu ndipo akanipa habari: majira haya ya machipuko ameshaona aina nyingi za ndege kuliko mimi. "Au unabisha, Ovidio?" Nikatoa sauti. Akasema nisitikisike.

Nyumbani nikakuta ujumbe wa sauti wa Doña Irma Schwindt, mjane wa shambani, msikilizaji mwaminifu wa kipindi changu cha redio. Kuna ndege wa njano mwenye kishungi cheusi anaimba nyuma ya nyumba yake. Nikasahau ganzi, nikajiuma ulimi. Kardinali wa njano! Ndege ambaye watega ndege wamemmaliza mkoa wetu wote wa La Pampa, maana watu hutoa pesa nyingi wamsikie akiimba tunduni.

Mirta hana huyu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ninaye! Mvua ilinyesha, kwa hiyo Doña Irma alikaanga maandazi, kama ipasavyo siku ya mvua. Nikanywa chai ya yerba, nikala, nikatoka nyuma ya nyumba na kuzama matopeni mpaka magoti. Dume juu ya mti wa miiba. Chini yake, kiotani, jike ameatamia.

Ninakiri hapa, kwa kuwa hapasomwi na mtu: nilimpigia dume wimbo wake kwenye simu. Klabu inakataza. Dume huacha shughuli zake na kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Alikuja. Alipigana na kofia yangu. Picha ni nzuri mno, hata ukucha mmoja unaokosekana mguuni unaonekana.

Doña Irma akanishika mkono. "Mwanangu, hao ni wapangaji wangu. Usije ukaniletea wageni." Nikaapa huku mdomo umejaa andazi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeingiza taarifa kwenye programu ya klabu kama kanuni inavyotaka: tarehe, picha, na mahali pamefichwa. Mkoa tu. Kanuni inasema ndege anayewindwa na watega ndege hatajwi mahali alipo mpaka makinda waruke. Nimekuwa mfano wa kuigwa.

Mirta akanipigia simu. Nilijiandaa kumnyima. Hakuuliza! Alisema nimefanya vizuri sana kupaficha, na hata yeye nisimwambie. Sauti yake haikuwa na wivu hata chembe. Siku imeharibika.

Jumapili, 13 Oktoba

Mbinu mpya. Nimemtangaza kardinali redioni, kijiji kizima kisikie, Mirta akiwemo. Nilieleza kwa urefu wajibu wa mtazama ndege mwaminifu. Mahali sikupataja. Nilisema hata wanichune ngozi sipataji.

Kisha salamu za Jumapili, kama kawaida. Huku kwetu mtu akikulisha halafu usimsalimie redioni, hatakusemesha mpaka Krismasi. Nikamsalimia Doña Irma Schwindt, nikamshukuru kwa maandazi ya moto ya Alhamisi, nikamwomba radhi kwa kumwingizia sebuleni matope ya nyuma ya nyumba.

Nyumbani mke wangu Delia alitua sahani ya tambi mbele yangu kwa kishindo. Nikamuuliza ana nini. Akasema ni kweli, mahali sikupataja, nimewachorea watu ramani tu. Nikamwambia hakuna anayesikiliza salamu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wote husikiliza salamu.

Muuza nyama, akinikatia mbavu: "Ehe, mtangazaji, yule ndege wa Doña Irma hajambo?" Mama wa duka la mikate akauliza kama inafaa kwenda na watoto.

Mbinu ya kurekebisha. Saa ya matangazo ya vifo, ambayo hakuna nyumba inayoikosa, nikasoma kanusho rasmi: hakuna kardinali wa njano kwa Doña Irma Schwindt, wala kwenye mti wa miiba, wala nyuma ya nyumba.

Delia alizima redio kwanza, kisha akazima taa ya jikoni akaniacha nimeketi humo.

Jumatano, 16 Oktoba

Doña Irma amepiga simu. Nilitamani afoke. Hakufoka.

Wanaume wawili wenye pikapu ya kijivu walibisha hodi wakati wa usingizi wa mchana. Wakaomba maji ya kunywa. Wakakisifu kipindi changu. Mmoja alimshikilia kwa maongezi mlangoni, mwingine akatundika kwenye mti tundu la mtego lenye dume mwingine ndani, chambo. Dume wetu akaja kupigana, kama alivyokuja kwangu. Mlango wa mtego ukaanguka.

Nilikimbilia huko, nikamkuta Mirta ameshafika. Doña Irma alikuwa ameikariri namba ya gari, na Mirta alikuwa ameshaipeleka polisi. Nikajitolea kuitangaza redioni. Walisema "Thubutu!" kwa pamoja.

Jike bado ameatamia. Anatoka kutafuta chakula mwenyewe, anarudi, anatoka tena. Nilisimama kule nyuma nikamtazama. Sikupiga picha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Polisi wamelisimamisha gari karibu na mpaka wa mkoa. Ndege wamejazwa kwenye maboksi chini ya vitunguu, wengine wamekufa. Wetu yu hai. Mirta alimtambua kwa ule ukucha unaokosekana kwenye picha yangu. Nikasema basi picha yangu ndiyo iliyomwokoa. Mirta alinitazama mpaka nikaanza kusoma bango la polisi ukutani.

Maofisa wa wanyamapori wamemchukua, hawawezi kumrudisha mara moja. Lazima achunguzwe, apate nguvu. Usiku kulikuwa na baridi kali, na asubuhi jike hakuwepo. Nilipanda ngazi nikagusa mayai. Yamepoa.

Doña Irma alinipa chai. Andazi hakunipa. Yalikuwepo, chini ya kitambaa, niliyaona.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikutuma salamu kwa mtu yeyote. Niliomba msamaha hewani bila kumtaja ndege wala mwanamke. Kisha nikaweka muziki. Delia alinitilia tambi polepole. Afadhali ingekuwa kishindo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mirta amenipigia! Wanamwachia dume leo, mbali, mahali pa siri, na wamenikubalia nije kwa sababu Doña Irma ameniombea. Doña Irma! Nilikosa pa kuuficha uso.

Simu ilibaki garini. Niliapa mbele ya Mirta: sitataja ndege, sitataja mahali, sitataja hata mkoa. Boksi likafunguliwa. Alikaa kidogo, akaruka, akatua juu ya mti, akaimba. Jike akamjibu kutoka vichakani, mwingine, sijui wa wapi. Nililia. Mirta akanipa kitambaa cha kliniki.

Mzee Anselmo, mlinzi wa pale, alitukatia jibini yake mwenyewe. Sijawahi kula jibini kama ile.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimejifunza. Kipindi kizima cha leo, ndege sikumtaja. Mahali sikupataja. Kiapo nimekishika neno kwa neno, na nilijisikia mtu mpya.

Salamu nilituma moja tu, kwa kuwa jibini ya watu huwezi kuila ukanyamaza: kwa mzee Anselmo wa daraja bovu, na ushauri kwa atakayepita huko avae viatu virefu, maana kule vichakani kumejaa miiba.

Delia ametua sahani ya tambi kwa kishindo. Sijui ana nini.

Simu inalia. Ni Mirta. Bila shaka anataka kunipongeza.