Hotuba ya Mama Présidente Siku ya Kuingiza Navigateur Mupya ku Muheto

(Ndani ya salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa. Groupe, ile mashini ya kutoa umeme, inanguruma inje. Watu wanapiga mikono, wachache kwanza, kisha wote.)

Muheshimiwa sana Papa Kanyamibwa, Chef wa localité yetu na Président d'honneur wa projet hii tangu jana mangaribi, muheshimiwa Papa Védaste, mwenye kuwasha groupe na mwenye kuizima, Papa Catéchiste, ba Mama wa kwaya, wenye sauti na wenye kufungua midomo tu, wakimbizi wetu wa juu ya kilima na wakimbizi wetu wa chini ya kilima, walimu wenye wanangojea mushahara na walimu wenye walisahau kama kuko mushahara, wenye mashamba, wenye maduka, Papa Katembo, bwana yangu, mwenye anasinzia pale nyuma, itifaki yote ikiheshimiwa, na kama kuko muntu sikumutaja avumilie, nitarudilia kutaja wote mbele kidogo, juu leo siko na haraka hata kidogo.

(Kicheko. Papa Katembo anaamka na kupiga mikono peke yake.)

Mimi munanijua. Mimi njo Mama Kahambu wa duka ya chumvi na sabuni, Présidente wa Comité de Pilotage ya Projet ya Navigateur ya Pili, phase pilote, axe Masisi, composante Muheto. Nilisoma mpaka ya tano primaire, lakini ya tano ya zamani, yenye leo ingeitwa licence ya université.

Kabla ya kuingia ndani ya contexte na justification, ninapenda kusifu sheria ya Papa Chef wetu, yenye inasema groupe ya localité itawashwa tu kwa hotuba ya serikali, na itazimwa wakati musemaji anaketi, juu petroli inapita barabara ngumu na barabara yenyewe hatujue asubuhi iko ya nani. Ni sheria nzuri. Tangu wale wenye bunduki na viatu vya mupira walipita hapa na kuondoka na panneau solaire ya paroisse, yenye ilitupatia umeme wa jua, pamoja na kuku ya Mama Thacienne na hata ngazi yenye walipandia, internet ya paroisse inafanya kazi wakati groupe inanguruma, na groupe inanguruma wakati muntu anahutubu. Kwa hiyo mimi, kwa unyenyekevu, nitahutubu.

(Papa Védaste, ku mulango: "Kwa muda gani, Mama?")

Kwa muda yenye kazi inaomba, Papa Védaste. Hotuba ya serikali haipimwake na kamba.

Sasa, contexte. Papa Katembo, wakati alipeleka chumvi na kandambili ku Omate kwa wachimbaji, alirudi na ordinateur. Si ile ya zamani, nzito sawa jiwe la kusagia. Hii ni nyepesi, unaibeba na vidole viwili sawa sahani kabla hawajaweka bugali. Mwenye nayo alikuwa anakimbia vita, na kwa kukimbia alihitaji viatu kuliko mashini, basi wakabadilishana, na Papa Katembo akafika nyumbani miguu wazi na uso wa furaha. Nilimugombeza siku nzima. Leo, mbele ya serikali, ninamusamehe.

(Mama mumoja: "Hatimaye!" Kicheko.)

Hii ordinateur ilikuja na navigateur moja tu. Navigateur, kwa wenye walikuwa shambani siku yenye walifundisha, ni mulango yenye unapitia kwa kuingia internet. Ile mulango ilizeeka, na wenye kuitengeneza walisema hawatairekebisha tena. Kétsia wangu anafungua page ya shule, page inamujibu: navigateur yako ni ya zamani sana, rudi kwenu. Nilikasirika. Mimi pia ni wa zamani, na ningali ninafungua duka kila asubuhi.

Njo hapo projet yetu inaingia. Kétsia, mutoto wangu wa kwanza, msichana mwenye alipata ku Examen d'État ya kumaliza secondaire pourcentage yenye sitataja juu ya unyenyekevu, sabini na mbili, aligundua kama ndani ya ile mashini muko chumba ya nyuma yenye wenye mashini hawafunguake. Ukiifungua, unapata dirisha nyeusi, unaandika maneno, na unaleta navigateur ingine, mupya, yenye haifukuzake muntu. Hakuna muntu alimufundisha. Nilimubeba miezi kenda, kwa hiyo sehemu ya hii akili munajua inatoka wapi.

Munamuona pale ku meza, karibu na dirisha. Anafanya démonstration en direct. Kwa kujaribu tu, wakati navigateur itakuwa imekwisha kuingia, atafungua page ya shule ya wauguzi kule Butembo, yenye inafunga inscription, kuandika wanafunzi wapya, leo, wakati bureau yao inafungwa. Kwa kujaribu tu. Kétsia, mama yangu, indicateur yetu iko wapi?

(Kétsia, bila kuinua kichwa: "Makumi tatu, Mama. Endelea.")

Asilimia makumi tatu, waheshimiwa! Munitajie projet ingine yenye ilifika makumi tatu kabla ya perdiem!

(Makofi mengi.)

Kuko wenye wanauliza, faida kwa population ni nini? Swali nzuri. Infirmier, muuguzi wetu wa pekee, alikimbia siku ile ya mabomu na hajarudi, na simulaumu, ana watoto. Emérita, simama, mudogo wangu. Mutoto wako alipoungua na maji ya moto, nani alimufunga kidonda?

(Mama Emérita: "Kétsia! Na alimwimbia pia.")

Alimwimbia! Na kitambaa safi, yenye alikata ku shuka yangu ya harusi, nikanyamaza. Kama leo hakuandikwa, na mwaka ujao barabara imefungwa, sisi tutaungua na nani atatufunga? Papa Chef, binti yako Niyonsenga alikaa banc moja ya shule na Kétsia, akapata points nzuri, na wewe ukasema tungojee vita iishe kwanza. Mimi sisemi kitu. Ninataja tu, kwa procès-verbal.

(Papa Chef anakohoa: "Na ruban, ile utepe ya kufungulia, nitaikata wakati gani?")

Ruban inakuja, Muheshimiwa. Ruban iko programmée. Nyuma ya ruban tutafika ku perspectives: salle ya ordinateur mia, kila moja nyepesi, antenne juu ya kila kilima, formation ya ba Mama hamusini, na atelier, njo semina, na pause-café, njo chai, ndani ya atelier, na atelier ya kutathmini ile pause-café...

(Mulio wa bomu, mbali, upande wa milima. Kisha mwingine. Watu wanainua vichwa. Papa Védaste anatoka kuelekea groupe.)

Muketi. Ile ni mbali. Masikio yetu iko na expérience, hatuhitaji kuambiwa. Papa Védaste! Acha ile kifungo! Ninajua, ukisikia mulio unazima, ni desturi nzuri na ilituokoa mara nyingi. Lakini sikiliza mwenyewe: iko ng'ambo ya mulima, na inaenda kule. Papa Chef, ninakuomba. Si kama Présidente. Kama mama.

(Papa Chef anasikiliza dirishani kwa muda. Anaketi. "Aache. Mama, sema haraka.")

Haraka siwezi, Muheshimiwa, juu si mimi ninaamua. Kétsia?

(Kétsia: "Imefika yote. Lakini inakataa kuingia. Nafasi haitoshi.")

Nafasi haitoshi namna gani?

("Mashini ni nyepesi, Mama, tumbo yake ni ndogo. Imejaa video ya Papa.")

Video gani? Papa Katembo, simama ujibu mbele ya population.

(Papa Katembo: "Ni ndoa ya mudogo yangu! Saa tatu nzima! Ile hapana!")

Ile ndoa yenyewe ilidumu karibu vile, na bibi arusi leo ni bibi wa mwengine! Futa, mutoto.

(Salle inalia kwa kicheko. Papa Katembo: "Basi angalau abakize pale penye nilicheza." Kétsia: "Pole, Papa." Anabonyeza.)

Comité inamushukuru Papa Katembo kwa contribution locale yake.

Na mimi, wakati mashini inameza, nitarudilia waheshimiwa, vile niliahidi. Papa Kanyamibwa, mulinzi wa amani yenye tuko nayo. Papa Védaste, mwenye mukono mwepesi. Papa Catéchiste, mwenye alitupatia salle akifikiri ni mkutano ya maombi. Mama Thacienne, kuku zako hatujazisahau. Wakimbizi wa juu. Wakimbizi wa chini. Wenye walikimbilia kwetu, na wenye kesho tutakimbilia kwao...

(Kétsia anasimama. "Mama. Imefunguka.")

Page?

("Page. Nimejaza yote. Imejibu: inscription imepokelewa.")

Someni tena, nani ana macho? Catéchiste, wewe soma.

(Catéchiste anainama juu ya mashini, anasoma kwa sauti ya misa: "Inscription imepokelewa. Kétsia Kahambu." Vigelegele. Mama Présidente anafuta macho na pembe ya kitenge, kisha anainua mukono.)

Navigateur mupya!

(Wote: "Oyé!")

Wasichana wa Muheto!

("Oyé!")

Petroli ya localité!

("Oyéee!" Papa Védaste haitike.)

Waheshimiwa, kwa kumalizia. Aksanti kwa bailleur wa projet, mwenye kutoa feza, mwenye hajafika, juu hakuna muntu alimwita. Aksanti kwa Comité de Pilotage, njo mimi asubuhi, na mimi tena mangaribi. Aksanti kwa budget, yenye haikuliwa na muntu, na ni mara ya kwanza ku Masisi yote, juu haikukuwako. Papa Chef, ruban pia haiko. Projet haiko, haikukuwa, na phase ya pili haitakuja. Kulikuwa mutoto mumoja, mashini moja ya sahani, na sheria yako yenye inasema groupe iwake wakati muntu anahutubu. Nilihutubu. Sasa ninaketi. Papa Védaste, zima.

(Anaketi. Papa Védaste anaelekea mulango. Papa Chef anasimama polepole, anafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, na kwa mukono wa kushoto anamwonyesha binti yake Niyonsenga ile kiti karibu na Kétsia. Anasafisha koo.

"Muheshimiwa sana Mama Kahambu, Présidente; muheshimiwa Papa Védaste, urudi uketi; Papa Catéchiste; ba Mama wa kwaya, wenye sauti na wenye kufungua midomo tu...")